Kahawa ya Melini: Unywe ya Bure, Ununue, au Uchukue Yako?

Ammi yangu amekata tikiti ya meli. Yeye na bibiye watapanda ndege uwanja wa Moi hadi Dubai, waingie ile meli kubwa ya matembezi, wazunguke Ghuba siku saba kisha warudi Mombasa. Nilidhani ataniuliza juu ya kichefuchefu cha bahari, au kama nyama ya huko ni halali. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, kahawa huko ikoje?"

Kwa mtu kama yeye swali hilo ni zito. Tangu nipate akili namuona baada ya Magharibi akiketi kwenye baraza ile ile ya Kibokoni, muuza kahawa akija na dele lake la shaba juu ya makaa, na yeye akinywa finjani tatu za kahawa thungu, yaani kahawa chungu ya kwetu Pwani, na kipande cha kashata. Siku saba bila hiyo, hata meli iwe na bwawa la kuogelea na sinema, kwake ni siku saba za kuumwa kichwa. Mimi nami nilisimama nyuma ya kaunta ya kahawa kwenye meli za watalii kwa mikataba miwili, kila mmoja miezi minane. Nilimjibu kwa mdomo. Naandika sasa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza: kuna maharusi, kuna wazee wanaolipiwa na watoto wao, na kuna vijana wa hapa wanaotafuta kazi huko.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba meli haina kahawa moja. Ndani ya meli moja kubwa mna kahawa tano au sita, na kati ya mbaya na nzuri kuna tofauti kama ya maji ya kisima na maji ya madafu. Ukimsikia mtu akilaani kahawa ya meli fulani, muulize aliinywa wapi ndani ya meli hiyo, na saa ngapi.

Ya bafe, ambayo ni bure

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na malalamiko yana haki yake. Kwenye meli kubwa watu elfu mbili au tatu hutaka kifungua kinywa ndani ya muda wa saa mbili hivi. Huwezi kuwapikia wote hao kikombe kimoja kimoja. Kwa miaka mingi njia ya meli nyingi ilikuwa kahawa ya kimiminika iliyokolezwa kiwandani, inayokuja kwenye mifuko au maboksi. Mashine huvuta kidogo, ikachanganya na maji ya moto, na jagi likajaa kwa sekunde chache. Hakuna kusaga wala kuchuja, na hakuna ile harufu inayokufikia kabla ya kikombe. Meli nyingine zimebadilika na kupika kahawa iliyosagwa ndani ya mitungi mikubwa. Hiyo ni bora kwa mbali, alimradi uifikie mapema.

Nasisitiza mapema. Kahawa iliyochujwa ikikaa juu ya sahani ya moto, ndani ya nusu saa harufu yake imekwenda na uchungu wa kuungua umeingia. Uchungu huo si ule wa kahawa thungu. Wa kwetu unatokana na buni iliyokaangwa sana na kuchemshwa pamoja na tangawizi, nao humalizika safi kooni. Ule wa jagi lililokaa hubaki ulimini kama moshi. Kwa hivyo ukitaka ya bure, nenda bafe inapofunguliwa, kabla ya umati. Ukichelewa, usione haya kumuuliza mhudumu ni jagi gani limejazwa sasa hivi. Nimeulizwa hivyo mara nyingi na sikuwahi kuudhika. Mtu anayejali anachokunywa humrahisishia kazi anayempa.

Kuna jambo la pili watu hawalifikirii, nalo ni maji. Zaidi ya asilimia 98 ya kikombe cha kahawa iliyochujwa ni maji, na maji ya meli mengi ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi humo humo, ama kwa kuyageuza mvuke ama kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba. Maji yaliyotolewa kila kitu hayana ladha, basi hurudishiwa madini kidogo, kisha hutiwa klorini ili yasilete ugonjwa. Kanuni za afya za Marekani, kwa meli zinazofika bandari zake, zinataka klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita hadi kwenye bomba la mwisho kabisa. Kiafya hilo ni jema sana, na mtu asilalamike. Lakini kahawa haipatani na klorini. Mashine nzuri za kaunta huwekewa chujio la mkaa maalumu linaloiondoa. Kwenye mtungi wa bafe usilitegemee. Ndiyo maana buni ile ile inaweza kutoa vikombe viwili visivyofanana kwenye sitaha mbili za meli moja.

Ya mezani, kwenye ukumbi wa chakula

Hapa sina mengi. Mara nyingi ni kahawa ile ile ya bafe, ila inamiminwa na mtu aliyevaa vizuri. Faida yake ni moja: mhudumu wa meza yako ni yule yule safari nzima kwenye meli nyingi, na ukimwambia usiku wa kwanza kwamba unataka kahawa iliyopikwa wakati huo huo, atakumbuka. Ukiagiza espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, baada ya chakula, uliza kwanza kama inalipiwa. Kampuni nyingine huitoa bure mezani na nyingine huiandika kwenye hesabu yako.

Mashine ya kubonyeza

Baadhi ya meli zimeweka karibu na bafe, au kwenye kumbi za wageni wa vyumba vya bei kubwa, mashine inayosaga buni na kutoa kikombe ukibonyeza. Ukiikuta, na ukisikia inasaga kweli, iache bafe. Inywe bila maziwa, kwa sababu maziwa ya mashine hizi mara nyingi ni ya unga, nayo hufunika kila kitu kwa utamu wa ajabu. Kwa anayependa kahawa kavu na hataki kulipa, hapa ndipo pa kukaa.

Ya kaunta, ya kulipia

Hapa ndipo nilipopata ugali wangu, na hapa nina mengi.

Kahawa ya kaunta husagwa wakati unaagiza. Kipimo cha kawaida ni gramu 18 hivi kwa espreso mbili, maji ya nyuzi 90 hadi 96, msukumo wa bar 9, na muda wa sekunde 25 hadi 30. Nambari hizo hazibadiliki kwa kuwa uko baharini. Kinachobadilika ni unyevu. Buni iliyosagwa hushika unyevu wa hewa, na baharini hewa haikauki. Kipimo cha kusagia kilichofaa asubuhi, jioni hakifai tena. Barista, yaani mtengeneza kahawa wa kaunta, akiwa anajua kazi hukirekebisha mara kadhaa kwa siku. Asiyejua hukiacha, na wewe unapata ama maji machungu ama maji makali kama ndimu. Kwa hivyo kabla ya kuagiza simama dakika mbili umtazame. Anaonja? Anapima? Anafuta bomba la maziwa kwa kitambaa safi kila mara? Ukiona hayo matatu, lipa kwa moyo mweupe.

Maziwa ni habari nyingine. Meli nyingi hutumia maziwa ya pakiti yaliyopashwa moto mkali ili yakae muda mrefu bila barafu. Yanatoa povu zuri, lakini yana utamu wa kupikwa ambao huwezi kuuficha. Ukizoea maziwa freshi ya ng'ombe, late ya melini, ile kahawa yenye maziwa mengi, itakuchosha siku ya tatu. Kapuchino, kwa kuwa ina maziwa machache, hustahimilika zaidi, na espreso tupu ndiyo inayokuonyesha kahawa yenyewe.

Je, jina la kampuni ya kahawa lina maana? Lina maana kidogo, si kama linavyotangazwa. Meli ya Allure of the Seas ya Royal Caribbean ilifungua duka la Starbucks ndani yake mwaka 2010, la kwanza baharini, na tangu hapo kampuni za meli zimekuwa zikishindana kwa majina ya kahawa. Wengine wameshika illy ya Trieste, ambayo ni arabika tupu, ile aina ya buni iliyo laini; wengine Lavazza ya Torino; P&O ya Uingereza ina Costa. Kwangu mimi illy ndiyo iliyo laini zaidi kati ya hizo, isiyochosha ukinywa mara mbili kwa siku. Lakini nimeona jina kubwa likiharibiwa na mashine isiyosafishwa tangu jana yake, na nimeona buni isiyo na jina ikitoka vizuri kwa sababu msichana wa Kifilipino aliyeshika zamu alikuwa na mkono na alikuwa na moyo. Chagua mtu kabla ya kuchagua jina.

Hili nitalisema kwa sababu linaniuma. Katika mikataba yangu miwili sikuona hata mara moja neno Nyeri au Kirinyaga, kunakolimwa kahawa ya Kenya, kwenye ubao wa bei. Buni ya Kenya hupita hapa hapa Kilindini kwa magunia ya kilo 60, na kilimo chake chenyewe kilianzia upande wetu: wamisionari Wakatoliki waliipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893. Kahawa ya AA, daraja la buni kubwa za Kenya, iliyokaangwa wastani, yenye ule ukali wa matunda unaosisimua taya, ni kitu cha kumpa mgeni akauliza imetoka wapi. Nilimwomba msimamizi wangu tuiweke hata wiki moja. Akasema mikataba ya ununuzi hufungwa makao makuu, yakaishia hapo. Ningependa kuona kijana mwingine wa Mombasa akiomba tena, na tena.

Hesabu ya pesa

Kikombe cha kaunta kwenye meli kubwa mara nyingi huwa kati ya dola 3 na 6, kisha huongezwa ada ya huduma, aghalabu asilimia 18 au zaidi. Tuchukue kapuchino ya dola 5: pamoja na ada ni dola 5.90. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni kama shilingi 760. Finjani ya kahawa thungu mtaani ni shilingi 10. Sisemi hivyo kukutisha, nasema ili usitie sahihi kila unapopita kaunta ukidhani ni senti. Melini hakuna noti inayotoka mfukoni. Unagusisha kadi, na uchungu unakuja siku ya mwisho.

Watakuuzia pia kifurushi cha vinywaji. Hapa wasafiri Waislamu, na wengine wote wasiogusa pombe, wasikilize vizuri. Kifurushi kinachotangazwa kwa sauti kubwa ni kile chenye pombe, na kampuni nyingi humlazimisha kila mtu mzima wa chumba hicho kukinunua. Kiruke. Uliza kile kisicho na kileo, ambacho kwa kampuni kadhaa hujumuisha kahawa za kaunta, sharubati na maji ya chupa. Halafu piga hesabu. Kikiwa dola 30 kwa siku, ni vikombe vitano vya kapuchino kila siku kabla hakijakurudishia pesa yako. Bibiye Ammi hunywa viwili. Kwa siku saba atatumia dola 82.60 kwa kulipa kimoja kimoja, wakati kifurushi kingekuwa dola 210. Kama angekuwa mtu wa sharubati na soda mchana kutwa, ningemwambia anunue. Kuna pia kampuni zinazouza kadi ya kahawa peke yake, vikombe kadhaa kwa bei ya jumla. Ukiikuta, kwa mnywaji wa vikombe viwili hiyo ndiyo yake.

Na ubao wa kahawa usomwe hadi mwisho. Vinywaji vingine vyenye majina matamu vina wiski au pombe ya krimu ndani. Barista hawezi kukujua kwa kukutazama, uliza, atakwambia.

Meli kubwa na meli ndogo

Sisi tunaoishi Mombasa tumeziona zote mbili zikifunga gati Kilindini. Norwegian Dawn, inayobeba zaidi ya watu elfu mbili, imewahi kuja. Nautica ya Oceania, inayobeba chini ya mia saba, imewahi kuja pia. Kwa mnywaji wa kahawa hizo ni dunia mbili. Kwenye meli za kampuni kubwa, Norwegian, Royal Caribbean, Carnival, MSC na wenzao, nauli ni nafuu na kahawa nzuri hulipiwa kando. Kwenye Oceania, Viking, Silversea, Seabourn na Regent, espreso na kapuchino zimo ndani ya nauli. Oceania wana baa yao ya kahawa waitayo Baristas, na illy humo ni bure asubuhi hadi jioni.

Usikimbilie kusema basi ile ndogo ni bora. Nauli ya kampuni hizi huzidi ile ya kubwa kwa pesa ambazo zingekununulia kapuchino mwaka mzima. Hakuna mtu wa kupanda Silversea kwa ajili ya kahawa. Lakini kama tayari unasitasita kati ya chumba cha balkoni kwenye meli kubwa na chumba cha kawaida kwenye meli ndogo, weka kahawa kwenye mizani pamoja na mengine. Watu mia saba hupikiwa. Watu elfu tatu hujaziwa majagi.

Chumbani, na ya kwako mwenyewe

P&O na Cunard, kwa desturi ya Waingereza, huweka birika la umeme chumbani, na kahawa ya unga kwenye pakiti ndogo. Kahawa yenyewe haifai, birika lina thamani. Kwenye kampuni nyingi nyingine hakuna birika, na hutaruhusiwa kuja na lako wala na ile koili ya kuchemshia maji, kwa hofu ya moto. Usijaribu kulificha kwenye sanduku. Moto baharini si jambo la kuchezea; sisi wafanyakazi tulifanyishwa mazoezi ya moto mara kwa mara, na ukishawahi kusimama kwenye moshi wa mazoezi hutamani kuuona wa kweli.

Kahawa yenyewe, iliyokaangwa na kusagwa, kwenye pakiti iliyofungwa, kwa kawaida haina taabu. Na hii ndiyo njia niliyomchagulia Ammi, maana hakuna kaunta duniani itakayompa kahawa thungu. Gramu 250 zamtosha na kubaki. Isagwe wastani, si unga kabisa. Tangawizi kavu iliyotwangwa na iliki kidogo vichanganywe humo humo kabla ya kufunga. Achukue chupa ya chai ya nusu lita na chujio dogo la kitambaa au la waya. Asubuhi mapema aende bafe, aisuuze chupa kwa maji ya moto ili ipate joto, atie vijiko vikubwa vinne, ajaze maji ya moto kabisa, afunge, asubiri dakika kumi, achuje.

Haitakuwa ile ya kwenye makaa. Maji ya bafe ni ya moto lakini hayatokoti, na kahawa thungu hupata mwili wake kwa kutokota polepole. Ili kulipia upungufu huo ongeza kijiko kimoja, na usipunguze tangawizi. Nilikunywa hivi miezi kumi na sita kwenye chumba cha wafanyakazi chini ya usawa wa maji, mimi na Mtanzania mmoja wa Tanga. Alikuwa akileta kashata zilizotumwa na mamake, na kila mara tulipofungua ile chupa, kwa dakika chache tulikuwa nyumbani.

Nani anywe ipi

Unayekunywa kikombe kimoja asubuhi ili macho yafunguke: bafe, saa inapofunguliwa, bila kulipa senti. Unayependa maziwa na povu: kaunta, kapuchino, siku meli iko bandarini na watu wameshuka, kwa sababu siku za bahari tupu foleni ni ndefu na barista amechoka. Unayependa kahawa yenyewe: espreso ya kaunta moja kwa siku, na mashine ya kusaga kama ipo. Vijana mnaoenda kazini: jikoni kwa wafanyakazi mtakuta kahawa ya unga, basi bebeni yenu ya kutosha miezi miwili na mtumiwe nyingine.

Na wewe ambaye meli yako itapita Mombasa, usipoteze hamu yako kwenye bafe siku hiyo. Kutoka gati la Kilindini hadi Mji wa Kale ni mwendo mfupi wa tuktuk. Shuka karibu na Ngome ya Yesu, ingia Ndia Kuu kwa miguu, usikilize mlio wa vikombe. Wauza kahawa huanza kutoka alasiri. Akikumiminia, pokea kwa mkono wa kulia, kunywa ikiwa moto, na ukitosheka mrudishie finjani mwenyewe. Usipomrudishia, mwenye dele atadhani wangoja nyingine.

Ammi ameshafunga pakiti yake. Bibiye amesema yeye atalipia kapuchino zake mbili kwa siku na asiulizwe.